Besi la Ng'ombe Watano

Jumanne ile Werema alishuka Bunda na gitaa lake mgongoni, kichwani akiwa na jambo moja tu: ng'ombe watano kabla ya Jumamosi. Si wanne, wala si wanne na ndama. Watano, na wawe wamesimama zizini kwa baba yake, kule ndani ndani ukitokea Kiabakari, wakati watu wa Nyamuswa watakapoingia uani. Wasipokuwepo, dada yake Rhobi atarudi kwa mume aliyemng'oa meno mawili.

Ng'ombe wenyewe walitokana na Rhobi huyo huyo. Kwa watu wa kwao, mahari ya dada ndiyo ya kuolea kaka yake, na hakuna anayekaa kikao kulijadili hilo. Ryoba wa Nyamuswa alipomwoa Rhobi alitoa ng'ombe kumi na wawili, mzee Nathanieli akawafungia zizini, akamwita mwanawe na kumwambia, "Hizi ni zako. Tafuta mke."

Werema hakutafuta mke. Alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi wa kuchomelea mageti pale Kiabakari, mpiga besi wa kwaya, na kichwani mwake kulikuwa na bendi nzima inapiga mchana kutwa. Akamwomba baba yake auze ng'ombe watano anunue vyombo vya kukodisha kwenye harusi: besi, kinanda, amplifaya na spika mbili. Mzee alinuna wiki nzima. Mwishowe akasema, "Mali ni yako. Ukitaka kuifanya kelele, ifanye."

Mnadani ng'ombe walitoka kwa laki nane kila mmoja. Werema akapanda basi la Mwanza na milioni nne kwenye soksi. Dukani besi alilolifuata lilikuwepo, la Kichina, jeusi, la laki sita na nusu, halina kasoro yoyote ya kuonekana. Hapo angelipa, achukue na vile vingine, arudi nyumbani mtu wa maana. Lakini ukutani, juu kabisa, kulikuwa na lingine la rangi ya asali, la Marekani, na Werema akamwomba muuzaji amshushie. Kulishika tu, alisema. Tunawajua watu wa kushika tu.

Muuzaji akalichomeka kwenye amplifaya nzuri ya dukani. Werema akaugusa uzi mnene wa juu mara moja. Mlio ulitoka mzito, ukamwingia kifuani ukakaa pale pale, hautetemi, haukwaruzi, unasubiri yeye mwenyewe auzime kwa kidole. Alikuwa amepiga besi miaka tisa na hajawahi kusikia noti yake mwenyewe mpaka mwisho. Machozi yakamtoka, mwanamume mzima, mbele ya wateja wa pasi na majiko ya gesi. Gitaa liliuzwa milioni tatu na laki nane. Alirudi nalo hilo moja, begi lake na nauli. Kinanda, amplifaya na spika zilibaki Mwanza.

Sasa hapa ndipo palipo na ujinga, na sioni sababu ya kuupamba. Gitaa la namna ile linataka amplifaya ya namna ile. Werema hakuwa nayo, wala hakubakiwa na hela ya kuinunua. Akalichomeka kwenye mikseri ya kanisani, likapitia spika zilizopasuka tangu mkutano wa injili wa mwaka juzi, zinazokoroma hata mchungaji akisema amina. Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, mama yake, Anastazia, alimsogelea na kumwuliza kwa upole lile gitaa jipya ataanza kulitumia lini.

Rhobi peke yake ndiye aliyesema anasikia tofauti. Alikuja kusalimia mwezi ule, akakaa benchi la mbele na mtoto wake Jeska mapajani, na walipotoka akamshika kaka yake mkono. "Hii inaongea, kaka. Ile ya zamani ilikuwaga inakohoa tu." Kama alisikia kweli au alisema kumfurahisha, Werema hakutaka kujua. Aliishi na maneno yale mwaka mzima.

Rhobi alikuja tena, safari hii bila kusalimia mtu, Jeska mgongoni na mdomo ameuziba kwa kanga. Mara ya kwanza alipopigwa alikwenda kushtaki, Ryoba akaitwa, akaomba radhi mbele za watu akilia, wakarudi pamoja. Mara hii hakwenda popote. Alikaa jikoni kwa mama yake akasema, "Sirudi," na aliposema, kila mtu aliona pengo.

Wiki ya pili wakaja watu wa Nyamuswa wenyewe wakiongozwa na Enoka, mjomba wake Ryoba, mzee mpole anayezungumza bila kupandisha sauti, na huyo ndiye wa kumwogopa.

"Mkwe, sisi hatuna ugomvi," alimwambia mzee Nathanieli. "Lakini unajua ng'ombe za mahari zikirudishwa zinatokaga siku moja, mlango mmoja. Hazilipwi kidogo kidogo kama hela ya shule. Jumamosi ya wiki ijayo tunakuja. Tukikuta zote kumi na mbili, tunaswaga zetu, na huyu binti abaki na mtoto wake. Ikipungua hata moja, mtoto ni wa kwetu, tunaondoka naye. Mama yake akitaka kumfuata atamfuata. Asipotaka, hatumlazimishi."

Walijua wanalosema. Jeska alikuwa na miaka miwili. Hakuna mtu pale uani aliyehitaji kuelezwa kwamba Rhobi asingemwachia Ryoba mtoto yule hata kwa saa moja.

Wageni walipoondoka, mzee Nathanieli hakugomba. Laiti angegomba. Alimtazama Werema, akauliza swali moja: "Hiyo gitaa inaweza ikawa ng'ombe tena?"

"Inaweza, baba."

Kwa bahati, kama ni ya kuitwa bahati, jua la mwaka ule lilikuwa limekausha malisho na kushusha bei. Mtamba wa kueleweka ulipatikana kwa laki sita, kwa hiyo watano ni milioni tatu. Anastazia alikwenda kwenye kikoba chake, akarudi na laki tatu zimekunjwa ndani ya leso, kila alichokuwa nacho. Zilibaki milioni mbili na laki saba, na hizo zilitakiwa kutoka kwenye lile gitaa.

Bunda alimwendea Lameck. Lameck ndiye mwenye vyombo vya harusi, na vya mikutano, na vya misiba ya wenye nacho, mtu mnene mcheshi, ofisi yake imejaa waya na maboksi ya spika yenye vumbi la vijiji vyote vya wilaya. Alilitoa gitaa begini, akaligeuza geuza, akapitisha kidole kwenye mbao.

"Unataka ngapi?"

"Tatu na nusu."

Lameck akacheka, akafungua droo, akaanza kuweka mabunda ya noti mezani moja baada ya jingine. Alipomaliza akayasogeza mbele. "Mbili na saba. Ndiyo yote niliyonayo, nimelipwa jana."

Moyo wa Werema uliruka. Mbili na saba! Kama vile mtu alimnong'oneza Lameck. Midomo yake ilikwisha kufunguka kusema sawa, na laiti Lameck angenyamaza pale, mambo yangeishia hapo na mimi nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini wacheshi hawanyamazi.

"Nakupa kwa sababu linang'aa," Lameck alisema. "Maharusi wanapendaga kitu kinachong'aa kwenye video. Ila mlio ni ule ule tu na la kwangu la Mchina."

"Si ule ule."

"Ni ule ule, mdogo wangu."

"Kaka Lameck, usifananishe."

Lameck akawakonyeza vijana wake wawili waliokuwa wanakunja waya. Akachukua besi lake jeusi, lenye shingo iliyobandikwa gundi, akaliweka kando ya lile la rangi ya asali. "Basi geukia ukutani. Nitapiga yote mawili. Niambie lako ni lipi."

Werema akageuka. Mbele yake kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Nyuma yake Lameck akapiga noti nne, akachomoa, akachomeka, akapiga zile zile nne. Spika zikakoroma mara ya kwanza, zikakoroma na mara ya pili. Werema alifumba macho akautafuta ule mlio wa Mwanza. Akautafuta kwa nguvu, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

"La pili," alisema.

Vijana ndio walioanza kucheka. La pili lilikuwa la Mchina.

Kama kuna aibu inayoweza kumchoma mtu masikio, Werema aliijua siku ile. Kwa sababu hawakuwa wanacheka gitaa. Tofauti ya bei kati ya yale magitaa mawili ilikuwa karibu ng'ombe wanne wa dada yake, na kama tofauti ile haipo, kama mwenyewe ameshindwa kuisikia, basi alikuwa amemfungia Rhobi kwa mume kwa ajili ya rangi ya mbao. Hilo hakuweza kulibeba. Kila kitu angeweza kukubali saa ile, ila si hilo.

"Spika zako ndizo mbovu!" alifoka. "Siuzi kwa mtu asiyesikia."

"Ah, kijana, ni utani. Chukua hela."

"Siuzi!"

"Leo hela iko hapa," Lameck alisema, sasa hacheki. "Kuna mtu ananiletea jenereta kesho kutwa. Ikienda, imeenda."

Werema alikwisha kulitia gitaa begini. Alitoka bila kuaga, na mabunda yale yakabaki mezani.

Jumatano alikuwa Musoma, Mwigobero, ukumbini kwa mzee Gasper. Huyu alikuwa amepiga besi kwenye bendi tangu nywele zake zingali nyeusi, na sasa alikuwa anapiga kwenye hoteli moja kando ya ziwa, kwa wageni wanaokula sato na kumpa kisogo. Alikuwa na amplifaya yake mwenyewe, kuukuu, lakini ya maana. Akalichomeka gitaa, akagusa uzi mnene. Akagusa tena.

"Umelitoa wapi hili, mwanangu?"

Werema nusura alie. "Unasikia tofauti, mzee?"

"Nasikia? Hata kiziwi angesikia." Akashuka mpaka kwenye uzi wa mwisho, akapanda, akasimama katikati ya noti na kuiacha iishe yenyewe. "Hii haipotei. Unaiweka, inakaa. Na shingo yake, angalia, haikatai mkono." Akamgeuza Werema atazame ziwa, akampigia gitaa hili na lile lake la kupigia hotelini kwa kubadilishabadilisha, mara kumi, na mara zote kumi Werema akajibu sawa. Walicheka wote wawili. Kwa nusu saa Werema alisahau Jumamosi, alimsahau Enoka, alikuwa mtu aliyenunua kitu cha kweli kwa bei yake ya kweli. Alistahili nusu saa hiyo? Mimi sijui. Aliipata.

"Kwa hiyo lina thamani ile?" aliuliza.

"Kila shilingi."

"Basi linunue, mzee. Mbili na saba."

Gasper alilitoa begani taratibu, akalilaza mapajani. "Mimi? Mwanangu, mimi wananilipaga elfu ishirini kwa usiku, na chakula. Nikikopa kwa kila mtu ninayemjua nitafikisha laki tisa, na hiyo unipe miezi minne." Alilipangusa kwa kitambaa chake cha shingoni kabla ya kulirudisha begini, akakaa bila kumtazama Werema usoni.

Alhamisi Werema alizunguka mji mzima. Kwenye duka la redio na simu zilizotumika walimpa laki nne wakamwuliza kama lina bluetooth. Mama Consolata, mweka hazina wa kwaya moja kubwa, alihesabu nyuzi akaguna. Waliambiwa besi za kisasa zina nyuzi tano, hili lina nne, sasa bei yote hiyo ni ya nini? Werema aliwapigia simu ndugu watatu wa upande wa baba. Wote walimwonea huruma, na wote walimweleza habari za ukame.

Ijumaa asubuhi alirudi Bunda akikimbia toka stendi. Mlangoni kwa Lameck kulikuwa na jenereta jekundu, bado limevaa nailoni yake.

"Nilikwambia," Lameck alisema.

Werema alipiga magoti. Si kwa mfano. Alipiga magoti sakafuni kwenye waya, begi likiwa bado mgongoni, na kwa mara ya kwanza akasema yote: ng'ombe, Jumamosi, meno ya Rhobi, Jeska, Enoka na hesabu yake. Wale vijana wawili waliacha kukunja waya. Lameck alimsikiliza mpaka mwisho, na ule ucheshi ukamtoka usoni wote.

"Kwa nini hukusema Jumanne?"

 Werema angesemaje kwamba aliona haya? Kwamba alitaka gitaa linunuliwe kwa uzuri wake, si kwa shida yake?

"Ungeniambia ni ya dada yako," Lameck alisema, "mimi nisingekuchezea ule mchezo wa ukutani. Haki ya Mungu ningekupa hela ukaenda." Akafungua droo, akahesabu kilichokuwepo. Laki nane. "Chukua hii, gitaa kaa nalo, utanilipa."

Ni wema mkubwa, na haukumsaidia kitu. Ukijumlisha na za mama yake ilikuwa mtamba mmoja na chenji, na mtamba mmoja kati ya watano, kwa hesabu ya Enoka, ni sawasawa na bure. Werema alimshukuru, akamrudishia, akatoka. Kiabakari alipita mbele ya banda lake la kuchomelea bila kuligeukia.

Jumamosi walikuja saa nne, pikipiki tatu. Enoka aliomba maji, akanywa, akamwulizia mzee Nathanieli hali ya mgongo. Kisha akaenda zizini na fimbo yake akahesabu, akimwelekezea kila ng'ombe, ingawa kila mtu aliona kutoka mbali.

"Saba," alisema. "Pole, mkwe."

Mzee Nathanieli aliingia ndani akafunga mlango. Anastazia alikaa kizingitini na kanga kichwani, hakulia, alikuwa anashika tu mguu wa Jeska, mguu mmoja, mpaka Rhobi alipoutoa mkononi mwake kidole kwa kidole.

Begi la Rhobi lilikuwa limefungwa tangu alfajiri. Alikuwa amemwona kaka yake akirudi Ijumaa na gitaa mgongoni, na ilimtosha. Sasa alivuka ua akaja kusimama mbele yake, mtoto ubavuni. Ryoba alikuwa ameshapanda pikipiki na kuiwasha.

"Kwani hukupata mtu, kaka?"

Werema alimtazama. Aliliona pengo. Aliwaza kumwambia, alitaka kabisa kumwambia, na ulimi ukakataa.

"Sikupata."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Rhobi akatikisa kichwa, akaweka kiganja juu ya begi la gitaa, pale begani, kama anayemgusa mgonjwa. "Watu wa huku hawajuagi kitu kizuri," alisema. "Usijilaumu. Umejitahidi."

Akaenda. Akapanda nyuma ya mume wake, akamweka Jeska katikati, akamfunika mtoto kichwa kwa ajili ya vumbi. Werema alisimama pale pale mpaka pikipiki ya mwisho ilipokata kona ya barabara kuu. Ndipo sauti ikamjia, na akapaza kwa nguvu zake zote, wakati hakuna wa kumsikia isipokuwa mama yake kizingitini, kwamba mtu alikuwepo, Jumanne, Bunda, na hela alikuwa ameshaziweka mezani.